Kujitolea kutunza nyaraka za watumiaji za programu huria: mwongozo kamili kwa mfano wa QGIS

Mtu anayejitolea kutunza nyaraka za watumiaji za programu huria hupokea kazi ambayo kwa sehemu kubwa ni ya kuhakiki kuliko kuandika. Anaifungua programu, anausoma ukurasa wa maelekezo mstari kwa mstari, anafanya kila anachoelekezwa, kisha anaangalia kama kinachotokea kwenye skrini ndicho kilichoelezwa. Pale vinapotofautiana ndipo kazi yake inapoanza. Wasanidi programu hubadilisha majina ya vitufe, huhamisha menyu na huongeza uwezo mpya kila baada ya miezi michache, na maelekezo yaliyokuwa sahihi mwaka jana huanza kumpotosha msomaji ingawa hakuna aliyeyagusa.

Mwongozo huu unatumia mfano wa QGIS, programu huria ya kuchora na kuchambua ramani iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002. Utaratibu wake wa kutunza nyaraka uko wazi, kwa hiyo anayeujua vizuri anaweza kuhamia mradi mwingine bila kuanza upya. Tena watumiaji wake wako karibu nasi: katika mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko, na QGIS ilikuwa miongoni mwa zana zilizotumika.

Nyaraka zenyewe zinapatikana kwenye tovuti ya docs.qgis.org, na zimegawanyika katika vitabu kadhaa: mwongozo wa mtumiaji, kitabu cha mafunzo chenye mazoezi, utangulizi wa mifumo ya taarifa za kijiografia kwa wanaoanza, na kitabu cha wanaotumia Python, lugha ya kuandikia programu. Utangulizi huo ulifadhiliwa na idara ya serikali iliyoshughulikia ardhi katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, na mazoezi mengi ya kitabu cha mafunzo yanafanyika juu ya ramani ya Swellendam, mji mdogo wa nchi hiyohiyo. Anayedhani kwamba nyaraka za namna hii huandikwa Ulaya na Marekani pekee afungue kitabu hicho.

Chagua programu unayoitumia kwa kazi halisi

Umaarufu wa mradi si kigezo kizuri cha kuuchagua. Kigezo kinachofaa ni kama programu hiyo unaifungua kila wiki kwa kazi yako mwenyewe, kwa sababu asiyeitumia hawezi kujua ni wapi mtumiaji hukwama. Afisa wa takwimu za afya anayeingiza taarifa kwenye DHIS2, mfumo ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda, atakuwa na mengi ya kusema kuhusu nyaraka za mfumo huo kuliko za QGIS. Katibu muhtasi anayeandaa barua na ripoti kwa LibreOffice anaweza kuanzia hapo, na ana nafuu moja kubwa: vitabu vya LibreOffice huandikwa na kusahihishwa ndani ya LibreOffice Writer yenyewe, kwa hiyo hahitaji kujifunza zana za wasanidi programu ili aanze.

Ukishachagua, jiridhishe kwanza kwamba mradi uko hai upande wa nyaraka. Tazama kama faili za nyaraka ziko mahali ambapo mtu wa nje anaweza kupendekeza mabadiliko, kama kuna mabadiliko yaliyoingizwa katika miezi ya karibuni, na zaidi ya yote, kama mapendekezo ya wageni hujibiwa. Ukikuta maombi mengi ya marekebisho yamekaa mwaka mzima bila neno hata moja kutoka kwa wahusika, tafuta mradi mwingine.

Soma pia leseni. Nyaraka za QGIS hutolewa chini ya GNU Free Documentation License, toleo la 1.3 au la baadaye, maana yake ni kwamba utakachoandika kitaweza kunakiliwa, kubadilishwa na hata kuuzwa na wengine, mradi wazingatie leseni hiyohiyo. Kwa sababu hiyo usinakili aya kutoka kitabu cha kiada, kitini cha chuo au mwongozo wa ndani wa mwajiri wako, hata kama uliuandika wewe mwenyewe ukiwa kazini, isipokuwa umepata ruhusa ya maandishi ya mwenye haki.

Elewa mpangilio wa matoleo kabla ya kusahihisha chochote

QGIS hutoa toleo jipya kila baada ya miezi minne, na katika matoleo hayo moja kwa mwaka huteuliwa kuwa toleo la muda mrefu, ambalo huendelea kurekebishwa hitilafu kwa muda wa kutosha ili ofisi na vyuo visilazimike kubadilisha programu kila mara. Nyaraka rasmi huchapishwa kwa ajili ya toleo hilo la muda mrefu. Sambamba nazo kuna nyaraka za majaribio, zinazofuata toleo linaloandaliwa. Kwenye anwani ya tovuti utazitambua kwa urahisi: kurasa za toleo la muda mrefu zina neno latest na zile za majaribio zina neno testing.

Wageni wengi hukosea hapa. Ukiona kosa kwenye ukurasa wa latest, badilisha neno hilo katika anwani liwe testing, kisha usome ukurasa huohuo upya, kwa kuwa huenda kosa limeshasahihishwa na linasubiri toleo lijalo. Halikadhalika, kipengele unachokiona kwenye programu yako kinaweza kuwa kipya kiasi kwamba nyaraka za toleo la muda mrefu hazitakiwi kukitaja kabisa. Kwa mtunzaji inafaa kuwa na matoleo mawili ya QGIS kwenye kompyuta moja, la muda mrefu na jipya kabisa. Kwenye Windows, kisakinishi cha OSGeo4W kinaruhusu matoleo hayo kukaa pamoja bila kugongana.

Tafuta kazi kwa kusoma kama mtumiaji aliyekwama

Chanzo bora cha kazi ni maswali ya watu wanaoitumia programu mbele yako. Chukua mfano wa kufungua jedwali la majiranukta, yaani faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) lenye mahali pa visima, shule au zahanati. QGIS humtaka mtumiaji achague safu ya X na safu ya Y. Dar es Salaam iko takriban latitudo 6.8 kusini na longitudo 39.3 mashariki, na kwa kuwa tumefundishwa shuleni kutaja latitudo kwanza, wengi huiweka latitudo kwenye X na longitudo kwenye Y. Programu haitalalamika, kwani -6.8 na 39.3 ni namba halali popote zinapowekwa. Itazipeleka zahanati zote za Temeke hadi Hispania, karibu na mpaka wa Ureno, na mtumiaji ataona ramani tupu pale alipotarajia kuona jiji lake.

Tuseme ukurasa wa maelekezo unasema tu kwamba mtumiaji achague safu ya X na safu ya Y. Hauna kosa hata moja, na msanidi programu akiusoma ataupitisha, kwa kuwa kwake yeye X kuwa longitudo ni jambo lisilohitaji kusemwa. Ni yule aliyewahi kukaa na mwanafunzi aliyepotezewa zahanati zake ndiye anayejua kwamba panahitajika sentensi moja zaidi, inayosema waziwazi kwamba longitudo huenda kwenye X, latitudo kwenye Y, na kwamba maeneo yaliyo kusini mwa Ikweta huandikwa kwa alama ya kutoa. Sentensi ya aina hiyo ina thamani kuliko sura nzima mpya, na kwa maoni yangu ndiyo mchango ambao mtumiaji wa kawaida anaweza kuutoa vizuri kuliko mhandisi aliyeitengeneza programu.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua orodha yoyote ya kazi, weka daftari karibu na kompyuta. Andika kila swali unaloulizwa ofisini au darasani kuhusu programu hiyo, pamoja na maneno aliyoyatumia muulizaji, kisha tafuta jibu lake kwenye nyaraka. Litakuwa moja ya mambo matatu: lipo na ni sahihi ila ni gumu kulipata, lipo lakini limepitwa na wakati, au halipo kabisa. Kila moja lina tiba yake. La kwanza hutibiwa kwa kiungo au kichwa cha habari kilicho wazi zaidi, na usishawishike kuliandika upya.

Chanzo cha pili ni orodha ya tiketi, yaani maelezo ya kazi zinazosubiri kufanywa, katika hazina ya nyaraka (mahali faili zake zote zinapotunzwa) kwenye tovuti ya GitHub. Msanidi programu wa QGIS anapoingiza kipengele kipya kilichowekewa alama kwamba kinahitaji maelezo, mfumo hufungua tiketi wenyewe katika hazina ya nyaraka na kunakili ndani yake maelezo aliyoyaandika. Tiketi hizi hurundikana kwa haraka. Chagua iliyo ndogo, inayohusu kipengele unachoweza kukijaribu kwa data uliyo nayo, na uandike chini yake kwamba unakusudia kuishughulikia ili mwingine asirudie kazi hiyohiyo. Kumbuka tu kwamba maelezo ya msanidi huandikwa kwa ajili ya wasanidi wenzake: yanasema nini kimebadilika ndani ya programu, ilhali mtumiaji anataka kujua ni lini akitumie, kinapatikana wapi, na kitamletea nini.

Fanya rekebisho la kwanza ukiwa kwenye kivinjari

Rekebisho la kwanza liwe dogo: jina la kitufe lililobadilika, kiungo kilichokufa, namba iliyokosewa. Fungua akaunti ya GitHub, nenda kwenye ukurasa wenye kosa, na ufuate kiungo kinachokupeleka kwenye faili lake la asili. Ukibonyeza alama ya penseli, GitHub itakutengenezea nakala yako ya hazina bila wewe kusakinisha chochote. Sahihisha, andika ujumbe mfupi unaoeleza ulichobadilisha, kisha tuma ombi la kuingiza mabadiliko (pull request).

Maandishi ya asili ya nyaraka hizi ni ya Kiingereza, na hilo huwatia hofu wengi bila sababu. Maelekezo ya kompyuta hutaka sentensi fupi zenye vitenzi vya kawaida, na wahakiki husahihisha sarufi bila manung'uniko. Baadhi yao wenyewe Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kinachowachosha wahakiki ni maelezo ambayo mwandishi hakuyajaribu.

Andaa kompyuta kwa kazi kubwa zaidi

Kivinjari hakitoshi pindi unapohitaji kubadilisha faili kadhaa kwa pamoja, kuongeza picha, au kuona ukurasa utakavyoonekana baada ya kuchapishwa. Sakinisha Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili), Python na programu yoyote nzuri ya kuhariri maandishi matupu. Hazina ya nyaraka za QGIS ni nzito kwa sababu ya wingi wa picha, kwa hiyo anayetumia kifurushi cha intaneti cha simu apakue hali ya sasa pekee bila historia yote, kwa kuongeza maneno ya depth kama yanavyoonekana hapa (JINA-LAKO ni jina la akaunti yako ya GitHub, na amri hizi ni za Linux na macOS):

git clone --depth 1 https://github.com/JINA-LAKO/QGIS-Documentation.git
cd QGIS-Documentation
git remote add upstream https://github.com/qgis/QGIS-Documentation.git
python3 -m venv venv
source venv/bin/activate
pip install -r REQUIREMENTS.txt
make html

Amri ya mwisho huita Sphinx, programu inayogeuza faili za maandishi kuwa kurasa za tovuti, na matokeo huwekwa ndani ya folda ya build/html. Mara ya kwanza huchukua muda mrefu, lakini baadaye hutengenezwa upya zile kurasa zilizoguswa tu. Soma maonyo yanayojitokeza kwenye dirisha la amri, hasa yanayotaja faili ulilolibadilisha, kwa sababu onyo unalolipuuza nyumbani litakurudia kwenye ukaguzi wa kiotomatiki baada ya kutuma.

Kila kazi ifanyike kwenye tawi lake, yaani mkondo wa mabadiliko uliotengwa na mengine, lililochipuka kutoka hali ya karibuni ya hazina kuu:

git fetch upstream master
git checkout -b safu-za-csv upstream/master

Anayechanganya kazi tatu kwenye tawi moja hujikuta kazi mbili zilizokamilika zikizuiliwa na moja yenye mjadala.

Andika kwa namna ambayo haitavunja kurasa nyingine

Faili zimeandikwa kwa mtindo wa reStructuredText, ambao ni maandishi ya kawaida yenye alama chache. Mtindo huu unajali sana nafasi zinazoachwa mwanzoni mwa mstari. Nafasi moja iliyopungua yaweza kukata orodha katikati. Majina ya vitufe, menyu, vitufe vya kibodi na faili huwekewa alama maalumu kila moja, na huandikwa sawasawa na yanavyoonekana kwenye programu, herufi kubwa na ndogo zikizingatiwa. Hatua moja ya mfano wetu wa CSV ingeandikwa hivi:

#. Open :menuselection:`Layer --> Add Layer --> Add Delimited Text Layer...`.
#. Set :guilabel:`X field` to the longitude column and :guilabel:`Y field` to the latitude column.

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni vitambulisho vinavyowekwa juu ya vichwa vya habari, vinavyoanza na vitone viwili vinavyofuatana (..), nafasi, na mstari wa chini (_). Kurasa nyingine huunganishwa kwenye sehemu hiyo kupitia kitambulisho chake. Isitoshe, kitufe cha msaada kilicho ndani ya madirisha ya QGIS humfungulia mtumiaji ukurasa husika wa nyaraka mtandaoni, mara nyingi kwenye sehemu mahususi ya ukurasa huo. Mtu anayebadilisha kitambulisho au kichwa cha habari kwa ajili ya urembo tu anaweza kumfanya mtumiaji aliyeko Kigoma abonyeze kitufe cha msaada na kuishia mahali pasipohusika. Unapohamisha sehemu kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, tafuta katika hazina nzima kila mahali panapoitaja, na umweleze mhakiki kwamba anwani imebadilika ili upande wa programu nao urekebishwe.

Kuhusu sentensi zenyewe, weka sharti kabla ya tendo: msomaji anayefuata hatua kwa hatua huwa ameshabonyeza kabla hajafika kwenye neno "iwapo" lililowekwa mwishoni. Taja kipimo kila panapoingizwa namba. Kosa linalowapata watu wengi wanaotaka kuchora ukanda wa mita 100 kuzunguka barabara ni kuingiza 100 kwenye tabaka (layer) ambalo majiranukta yake yako katika nyuzi, wakapata ukanda unaoifunika dunia. Ukurasa mzuri humwambia msomaji mapema abadilishe kwanza mfumo wa majiranukta, kwa mfano kwenda ule wenye namba EPSG:32737, unaopima kwa mita, kwa eneo la Dar es Salaam. Taja pia thamani inayotumika mtumiaji asipojaza chochote, na useme kinachotarajiwa kuonekana baada ya hatua ngumu ili ajue kama amefaulu. Epuka maneno kama "kwa urahisi tu", kwa sababu aliyeshindwa hatua hiyo atajiona mjinga.

Ukimaliza, funga faili, fungua ukurasa uliotengenezwa na Sphinx, na uzifuate hatua zako kwa faili la data jipya ambalo hukulitumia wakati wa kuandika. Ukiweza, mpe mwenzako azifuate ukiwa umenyamaza kando yake.

Picha za skrini ziwe chache

Hakuna kinachozeeka haraka katika nyaraka kama picha ya skrini. Kitufe kimoja kikihamishwa, picha inakuwa ya uongo, na tofauti na maandishi, hakuna njia ya kuitafuta kwa neno. Weka picha pale tu dirisha lina mambo mengi ambayo maneno yangeyachanganya. Ipige ukiwa umeweka programu katika lugha ya Kiingereza na mwonekano wake wa kawaida, na uihifadhi katika folda ya img iliyo jirani na faili la maandishi. Ukibadilisha picha iliyopo, tumia jina lilelile ili usiache faili yatima.

Usipige kamwe picha yenye data halisi ya ofisi yako. Jedwali la viwanja lina majina ya wamiliki na namba zao za simu, na picha ikishaingia kwenye hazina ya Git hubaki katika historia yake hata ikifutwa kesho. Kwa kazi hii kuna data ya mafunzo ya QGIS, iliyo katika hazina yake ya peke yake, ambayo kila mtu anaweza kuipakua na kuirudia picha yako siku itakapohitaji kusasishwa.

Tuma, kisha shirikiana na mhakiki

Ombi la kuingiza mabadiliko liwe na maelezo yanayojitosheleza: umebadilisha nini, kwa sababu gani, umejaribu kwenye toleo lipi la QGIS na mfumo gani wa kompyuta, na ni tiketi namba ngapi inayofungwa. Ukaguzi wa kiotomatiki utaanza mara moja. Ukionyesha alama nyekundu, fungua maelezo yake na urekebishe kabla mtu hajaja kusoma.

Mhakiki akileta maoni, jibu kila moja, hata kwa neno moja la kukubali, na utume marekebisho kwenye tawi lilelile badala ya kufungua ombi jipya. Usipokubaliana naye, mwonyeshe kinachotokea kwenye programu. Hoja ya skrini humaliza mjadala ambao hoja ya ufasaha ingeurefusha. Wahakiki nao wengi wao hujitolea baada ya saa za kazi, kwa hiyo ukimya wa wiki moja au mbili si dharau, na baada ya hapo kumbusho la adabu linakubalika. Rekebisho linaloingia kwenye tawi kuu huonekana kwanza kwenye nyaraka za majaribio. Ikiwa linahusu pia toleo la muda mrefu, omba liwekewe alama ya kurudishwa kwenye tawi la toleo hilo, la sivyo watumiaji wengi hawataliona kwa miezi.

Twaa sura moja na uitunze

Baada ya marekebisho kadhaa utakuwa umejua ni sehemu ipi ya programu unayoimudu. Chukua sura moja uwe mlezi wake. Huhitaji cheo wala ruhusa. Inatosha kuwaambia wenzako kwenye hazina kwamba utaifuatilia. Ratiba yako itafuata ile ya matoleo: kila toleo jipya linapotangazwa, soma orodha ya mabadiliko, chuja yanayoigusa sura yako, na uifuate sura yote tangu mwanzo ukiwa na toleo hilo mbele yako. Kazi nzito zaidi huja kabla ya toleo la muda mrefu, kwa sababu kosa litakalopita hapo litadumu. Viungo vya nje navyo vikaguliwe, na Sphinx ina uwezo wa kuvijaribu vyote kwa amri moja.

Mtunzaji wa sura anatakiwa pia kufuta. Maelezo ya njia ya mkato iliyoondolewa, tahadhari kuhusu hitilafu iliyokwisha kurekebishwa, aya mbili zinazosema jambo moja kwa sababu ziliandikwa na watu wawili: vyote hivyo humchelewesha msomaji, na watu huogopa kuviondoa kwa heshima ya aliyeviandika. Viondoe, na ueleze sababu kwenye ombi lako.

Hata hivyo, usibadilishe sentensi iliyo sahihi kwa ajili ya ladha yako tu. Nyaraka za QGIS hutafsiriwa katika lugha nyingi kupitia jukwaa la Transifex, ambalo hushika kila sentensi ya Kiingereza pamoja na tafsiri zake. Ukibadilisha maneno mawili katika sentensi isiyo na kosa, tafsiri zake katika lugha zote huhesabika kuwa zinahitaji kupitiwa upya, na watu wengi hupoteza muda kwa sababu ya koma yako.

Anayetaka kutafsiri kwa Kiswahili naye afanye kazi hiyo ndani ya Transifex, asiguse faili za asili. Aanze na maneno ya menyu na vitufe vya programu, kwa kuwa nyaraka huyataja kila mstari, na tafsiri ya maelekezo inayotaja kitufe kwa jina ambalo halimo kwenye skrini haimsaidii mtu. Kikundi kinachoanza kikubaliane kwanza juu ya faharasa ya istilahi mia moja au mbili, kwa mfano kama ni tabaka au leya, kabla ya kugawana sura.

Ikifika wakati huna tena nafasi, andika kwenye tiketi ulizozichukua kwamba unaziachia, funga au kabidhi maombi yaliyobaki nusu, na uache kwenye tiketi moja orodha fupi ya mambo unayojua hayako sawa katika sura yako: ukurasa, toleo ulilojaribu mara ya mwisho, na kinachotakiwa kuangaliwa. Atakayeipokea sura hiyo ataanza na orodha hiyo.